Tundu Si Kilema

Iko hukumu moja itamkwayo kila siku katika maduka ya masonara na mbele ya meza za wanunuzi wa sarafu za kale. Hukumu yenyewe ni neno moja tu: "Imetobolewa." Neno hilo likisha kutamkwa, bei huanguka, mwuzaji huinamisha kichwa kama mtu aliyefumaniwa na aibu, na mnunuzi hunyosha mkono kuvuta mizani. Hakuna shahidi anayeitwa wala swali linaloulizwa. Sarafu iliyovuka bahari, iliyolipa mahari na kununua nafaka, na iliyolala kifuani mwa mama na kisha kifuani mwa binti yake, huhesabiwa tangu saa ile kuwa kipande cha madini na basi.

Nia yangu katika insha hii ni kuikatia rufani hukumu hiyo. Sisemi kwamba tundu si kitu. Mtu asemaye hivyo hajapata kuuza sarafu. Nasema kwamba tundu peke yake halitoshi kuwa hukumu. Sharti kwanza iulizwe ni nani aliyetoboa, alitoboa lini, na kwa sababu gani. Ahukumuye bila ya kuuliza maswali hayo matatu aweza kuwa anajua bei, lakini thamani haijui.

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili hivi nilipoisikia hukumu hiyo kwa mara ya kwanza. Nyanya yangu, mzaa baba, alikuwa ameacha kidani cha riale tatu, zile riale kubwa za fedha zenye sura ya malkia Maria Theresa upande mmoja na tai mwenye vichwa viwili upande wa pili. Kila riale ilikuwa na tundu dogo juu ya kichwa cha malkia, na kwa matundu hayo zilining'inia katika mkufu mwembamba. Wazee walituambia kwamba zamani kidani kilikuwa na riale tano. Mbili zilifunguliwa katika mwaka wa njaa zikanunua mahindi, na watu wa nyumba ile wakapona. Baada ya matanga, ami yangu alinichukua tukaenda kwa sonara mmoja mjini. Sonara alizigeuza riale mara moja tu, akasema, "Zimetobolewa. Hizi si sarafu tena, ni fedha ya kuyeyusha." Akazipima zote pamoja, akataja bei, na ami akapokea. Kabla hatujatoka dukani, riale za nyanya zilikuwa zimekwisha tiwa katika bakuli moja na vipande vya pete na vikuku vilivyovunjika. Fungu langu katika bei ile lilikuwa madaftari mawili na kalamu. Niliifurahia sana kalamu ile, na furaha hiyo ndiyo iniumayo mpaka leo.

Sonara yule hakuwa mwizi. Alilipa bei ya madini kwa mizani ya haki, na ami hakulazimishwa. Kosa halikuwa katika mizani, lilikuwa katika yale maneno, "Hizi si sarafu tena." Tuyatazame basi maneno hayo, tuone kama yana ukweli.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Riale ya Maria Theresa ina uzito wa gramu 28 na kitu kidogo, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo, sehemu 833 ni fedha safi. Yaani ina fedha safi ya gramu 23 na zaidi kidogo. Kipenyo chake ni karibu milimita 40. Tuseme tundu la kupitishia mkufu lina kipenyo cha milimita 2. Mwanafunzi yeyote aliyejifunza eneo la duara aweza kuendelea mwenyewe: kipenyo cha tundu ni sehemu moja ya ishirini ya kipenyo cha sarafu, kwa hiyo eneo lake ni sehemu moja ya mia nne. Madini yaliyotoka ni sehemu moja ya mia nne ya riale, yaani kiasi cha sehemu 7 za mia za gramu moja. Chembe hiyo ukiiweka katika kiganja, pumzi yako yaweza kuipeperusha. Walakini sarafu nzuri ya kale ikipoteza chembe hiyo, aghalabu hupoteza sehemu kubwa ya bei yake mbele ya mkusanyaji. Ni dhahiri, basi, kwamba si madini yanayopunguzwa katika bei. Kitu kingine ndicho kinachopunguzwa, na yatupasa kujua ni kitu gani.

Wakusanyaji wenyewe watajibu kwamba ni ukamilifu, na hapa haki yataka tuwasikilize. Mkusanyaji hutafuta sarafu kama ilivyotoka mahali ilipopigwa chapa. Miaka inavyopita sarafu hulika, hukwaruzwa, huyeyushwa na kupotea; zile zilizobaki nzima huwa chache, na kitu kichache kitafutwacho na wengi hupanda bei. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon alitunga kipimo cha daraja kutoka 1 mpaka 70 kwa senti kubwa za kale za nchi yake, na kipimo hicho sasa hutumiwa kwa sarafu za kila namna. Sarafu iliyotobolewa haipewi namba safi katika kipimo hicho na makampuni makubwa ya upimaji. Huandikiwa maneno tu ya kueleza kasoro yake. Kwa michezo yote kuna kanuni, na hii ni kanuni ya mchezo wao. Siwezi kumlaumu mtu kwa kupenda kitu kizima. Namlaumu anapoichukua kanuni ya mchezo wake akaifanya kuwa sheria ya ulimwengu, akawaambia wajukuu wa watu kwamba walichorithi si kitu.

Tena kanuni yenyewe haisimami imara kama inavyodaiwa. Kama tundu lingekuwa kilema kwa asili yake, basi kila sarafu yenye tundu ingekuwa kilema. Lakini sisi wa Afrika ya Mashariki tunajua kwamba si hivyo. Tangu mwaka 1907 nchi hizi zilitumia sarafu ndogo zilizozaliwa na tundu katikati. Senti moja, na senti kumi, na baadaye ndururu yetu ya senti tano, zilitobolewa na serikali yenyewe, na mtu aliweza kuzitunga katika kamba na kuzitambua gizani kwa kupapasa. Katika zile za senti kumi, pembe mbili za ndovu zilijipinda pande mbili za tundu kana kwamba zinalilinda. Hata mwaka 1964, uhuru wa Kenya ulipokuwa umekwisha kupatikana na jina la mfalme au malkia limekwisha kuondolewa, senti tano na senti kumi za Afrika ya Mashariki zilitoka na tundu lao. Kenya ilipoanza kutoa sarafu zake yenyewe mwaka 1966, ndipo tundu lilipoachwa.

Hakuna mkusanyaji apunguzaye bei ya senti kumi hizo kwa ajili ya tundu. Kinyume chake, sarafu ya namna hiyo ikitoka kiwandani kwa bahati mbaya bila ya tundu, au tundu likakaa upande, wakusanyaji huigombea. Watu wa Japani wana sarafu ya yeni 5 na ya yeni 50 zenye tundu katikati. Moja ya hizo ikiponyoka kiwandani bila kutobolewa, huuzwa kwa bei isiyolingana hata kidogo na thamani iliyoandikwa juu yake. Hapo ukosefu wa tundu umekuwa ndio ajabu, na ajabu imekuwa ndiyo mali! Je, tundu limebadilika? Ni hewa ile ile ndani ya duara lile lile. Kilichobadilika ni jibu la swali la kwanza: nani aliyetoboa.

Naomba msomaji azingatie pia jambo lililotokea mwaka 1936. Katika mwaka huo Edward wa Nane alitawala Uingereza kwa muda usiotimiza mwaka, kuanzia Januari mpaka Desemba, kisha akajiuzulu. Sarafu zenye sura yake hazikuwahi kuenea kwa watu wa Uingereza. Lakini senti tano na senti kumi za Afrika ya Mashariki zenye jina lake zilipigwa zikaingia sokoni, kwa sababu sarafu yenye tundu katikati haina nafasi ya uso wa mfalme; yatosha jina na taji. Mfalme ambaye Waingereza wenyewe hawakumwona katika shilingi zao, jina lake lilipita katika mikono ya wachuuzi wa ndizi na mihogo wa nchi hizi. Kama si tundu, ukurasa huo wa historia usingalikuwapo katika shaba.

Mtu aweza kunijibu kwamba sarafu hizo zilitobolewa na serikali, na neno la serikali ni jingine. Lakini riale za nyanya zilitobolewa na fundi asiyejulikana. Vema. Tuchukue basi mfano wa sarafu iliyotoka mahali pake ikiwa nzima, ikatobolewa baadaye na mkono mwingine kabisa. Mwaka 1812 gavana wa koloni la New South Wales katika Australia, Lachlan Macquarie, aliletewa dola za fedha za Kihispania zipatazo 40,000. Koloni lilikuwa na uhaba wa sarafu, na kila sarafu njema iliyofika ilitoka tena na mabaharia na wafanyabiashara. Gavana akatafuta hila. Akamtwaa mfungwa mmoja, William Henshall, aliyekuwa amehukumiwa kwa kughushi fedha, akamwamuru atoboe katikati ya kila dola tundu kubwa. Pete iliyobaki ikawa na thamani ya shilingi tano, na kipande cha katikati kikawa na thamani ya senti za Kiingereza kumi na tano, yaani shilingi moja na peni tatu. Kwa kuwa dola iliyoharibiwa namna hiyo haikukubaliwa kwingineko kwa thamani hiyo, ilibaki koloni na kufanya kazi yake.

Pete hizo zilizobaki leo na kujulikana ni kama 300 tu, na zimekuwa zikiuzwa mnadani kwa mamia ya maelfu ya dola za Australia. Dola ya Kihispania ya zamani hizo hizo, nzima na isiyoguswa, aghalabu hununuliwa kwa sehemu ndogo sana ya bei hiyo. Tazama basi! Hii si sarafu yenye kitundu cha kupitisha uzi. Hii imeng'olewa moyo wake wote, tena na mghushi aliyefungwa, na imekuwa azizi kuliko ndugu zake wazima. Kwa nini? Kwa sababu aliyetoboa anajulikana, mwaka unajulikana, na sababu inajulikana. Maswali yangu matatu yamejibiwa, na majibu yameandikwa na kuhifadhiwa. Riale za nyanya nazo zilikuwa na majibu: zilitobolewa ili zivaliwe, zilivaliwa ili ziwe akiba, na akiba ililisha watu katika njaa. Tofauti ni kwamba majibu ya Australia yaliwekwa katika vitabu, na majibu yetu tuliyaacha yayeyuke pamoja na fedha.

Waingereza, ambao wengi wa wakusanyaji walijifunza kwao, nao walitoboa sarafu na hawaoni haya. Kwa karne nyingi iliaminika huko kwamba mguso wa mfalme waweza kuponya ugonjwa wa vivimbe vya shingo. Mgonjwa aliguswa na mfalme, kisha akavikwa shingoni sarafu ya dhahabu iliyoitwa malaika, kwa kuwa juu yake palichorwa malaika Mikaeli akiua joka. Sarafu hiyo ilitobolewa ili ipitishwe utepe. Baadaye mahali pa sarafu pakachukuliwa na vidani vidogo vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Mwaka 1712 mtoto mdogo, Samuel Johnson, ambaye baadaye alikuja kuwa mtungaji maarufu wa kamusi ya Kiingereza, aliguswa na Malkia Anne akavikwa kidani chenye tundu, akakivaa maisha yake yote. Kidani hicho leo kimo katika Makumbusho ya Uingereza mjini London. Sijasikia kwamba mhifadhi yeyote alikitazama akasema, "Kimetobolewa, kitieni kalibuni." Tundu lake ndilo linaloeleza kwamba kilikuwa shingoni mwa mtu. Sasa nauliza: kwa nini tundu la shingo ya London liwe historia, na tundu la shingo ya nyanya yangu liwe kasoro?

Nakiri, ili nisionekane kuficha, kwamba hata malaika za dhahabu, zile zilizotobolewa kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini kuliko zile nzima. Soko halikugeuka kwa sababu ya hoja yangu. Lakini hakuna aziyeyushaye. Bei imeshuka, heshima imebaki. Hicho ndicho ninachokidai kwa sarafu zetu: sidai bei kubwa, nadai zisihukumiwe kifo.

Turudi sasa kwenye riale yenyewe, maana ndani yake mna kichekesho ambacho wengi hawakijui. Kila riale ya Maria Theresa ya namna iliyoenea pwani yetu, Uhabeshi, Yemeni na Omani imeandikwa mwaka 1780, mwaka aliokufa malkia huyo. Watu wa Bahari ya Sham na wa pwani hii waliizoea sura ile wakaiamini, wakaikataa nyingine. Basi wapiga chapa wakaendelea kuipiga ile ile, na mwaka ule ule, baada ya mwenyewe kuzikwa. Imepigwa Vienna, na katika karne ya ishirini ilipigwa pia Rome, London, Paris, Brussels, Bombay na Birmingham. Hata leo Vienna bado huipiga. Kwa hiyo mtu aweza kununua riale iliyotoka kiwandani majuzi, inayong'aa kama kioo, isiyopata kununua hata kibaba cha unga, nayo imeandikwa 1780. Riale hiyo haina tundu, kwa hiyo ni "kamili". Kando yake weka riale iliyotoka Vienna katika karne ya kumi na tisa, ikapita katika majahazi, ikafika Unguja au Lamu, ikatobolewa, ikavaliwa na vizazi vitatu. Hiyo ni "mbovu". Anayeipendelea ile ya kwanza kwa kuwa haina tundu ananunua uzima wa kitu ambacho hakijaishi. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Na hapa asili imeachwa kwa ajili ya mng'ao.

Tena tundu lina maneno kwa ajuaye kulisoma. Shika sarafu iliyotobolewa, uitazame kwa kioo cha kukuzia. Tundu la zamani lililovaliwa sana lina kingo laini, zilizolika, na mara nyingi limevutwa kidogo upande wa juu kwa uzito wa sarafu iliyokuwa ikining'inia miaka na miaka. Rangi iliyo ndani ya tundu ni ile ile ya uzee iliyo juu ya uso. Tundu jipya lina kingo kali, na ndani yake madini hung'aa. Tundu likiwa juu ya kichwa cha malkia, aliyetoboa alitaka uso usimame wima. Likiwa mahali popote ovyo, huenda hakujali sura, alijali fedha tu. Upande mmoja wa sarafu ukiwa umelika kuliko wa pili, yaelekea huo ndio uliosuguana na nguo na ngozi. Yote haya ni barua iliyoandikwa bila wino. Sonara yule aliigeuza mara moja tu; alikuwa kama mtu apewaye barua akaipima uzito badala ya kuisoma.

Thamani ya kusoma namna hii imekwisha kuonekana katika nchi yetu. Mwaka 2013 wataalamu waliokuwa wakichimba katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, walitangaza kwamba wamepata sarafu ya Kichina yenye jina la mfalme Yongle, aliyetawala Uchina tangu mwanzo wa karne ya kumi na tano mpaka mwaka 1424. Ndiye aliyemtuma jemadari Zheng He na majahazi yake makubwa katika Bahari ya Hindi. Sarafu hiyo ni kipande kidogo cha shaba na fedha, na katikati yake mna tundu la mraba, kama zilivyokuwa sarafu za Uchina kwa miaka mingi ili zitungwe katika kamba. Habari zake zilienea duniani, na hakuna aliyeuliza ni gramu ngapi. Fikiri, msomaji, kama sarafu hiyo ingalianguka katika mkono wa mvuvi miaka hamsini kabla, naye akaambiwa na mjuzi wa mizani kwamba kipande chenye tundu hakina thamani! Ushahidi mmoja wa safari kati ya Uchina na pwani yetu ungaliishia katika pete ya shaba.

Sasa nawageukia wale watakaosema kwamba nimewaruhusu vijana kutoboa sarafu. Hasha! Aliyetoboa riale zamani alikuwa na sababu: hakuwa na benki, hakuwa na sanduku la chuma, na mali iliyokuwa shingoni ilikuwa salama kuliko mali iliyofukiwa chini ya kitanda. Tundu lilikuwa kufuli la akiba yake. Wewe unayetoboa leo sarafu ya mwaka 1921 ili uifanye pambo la ufunguo huna sababu hiyo. Unaharibu kitu ambacho hakiwezi kutengenezwa upya, na wakusanyaji watakuwa na haki ya kukupunguzia bei. Jibu la swali la tatu, yaani "kwa sababu gani", litakuwa "kwa upuuzi", na upuuzi hauongezi thamani ya kitu chochote.

Wako na wengine ambao dhambi yao ni kubwa zaidi, nao ni wale wanaoziba. Huchukua sarafu yenye tundu, wakajaza fedha au shaba ndani yake, wakachora upya herufi na nywele zilizopotea, wakaiuza kwa jina la sarafu nzima. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli kwa nyumba. Kwa sarafu ya kale mambo ni kinyume, maana anayeziba tundu ndiye abomoaye. Mkusanyaji mwenye macho huiona duara ya kiraka chini ya kioo, na sarafu huwa imepata aibu mbili: ilitobolewa, kisha ikasema uongo. Na mwanahistoria hupata hasara kubwa kuliko mkusanyaji, kwa kuwa kiraka kimefunika ushahidi. Tundu la kweli lina heshima kuliko uzima wa uongo.

Kwa hiyo mambo yanayotupasa si magumu. Ukiona nyumbani kwenu sarafu ya kale, iliyotobolewa au nzima, usiitoboe, usiizibe, wala usiisugue kwa mchanga au ndimu ili ing'ae, maana rangi ya uzee ikisuguliwa hairudi. Ipime uzito na kipenyo, uandike. Waulize wazee iliingiaje katika nyumba, nani aliivaa, ilifunguliwa lini na kwa haja gani. Nayo uyaandike na tarehe. Maandishi hayo hayakugharimu chochote, na ndiyo yageuzayo tundu kuwa historia. Kisha, kama shida imekaza na sharti iuzwe, iuzeni mkiijua. Simkatazi mwenye njaa kuuza. Riale mbili za nyanya ziliuzwa kwa njaa, na matumizi hayo yalikuwa mema kuliko yote. Ninalokataza ni kuuza kwa ujinga, kwa bei ya kalamu na madaftari mawili, kwa kuwa mtu mmoja amesema neno moja.

Kumbukeni pia kwamba sheria ya nchi iko upande wetu. Sheria ya mwaka 2006 kuhusu Makumbusho ya Taifa na urithi huhesabu kuwa kitu cha kale kila kitu kichukulikacho, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa humu kabla ya mwaka 1895. Haikusema kiwe kizima. Haikusema kisiwe na tundu. Walioiandika walijua kwamba mkufu uliokatika, mtungi uliopasuka na sarafu iliyotobolewa vyaweza kusema zaidi ya vile vilivyofungiwa kabatini bila kuguswa.

Najua kwamba insha hii haitabadili bei ya mnadani. Kesho sarafu nzima itapata nyingi na iliyotobolewa itapata chache, na mimi sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na lile bakuli la sonara. Kila mwaka, katika miji yetu, riale na rupia zilizovaliwa na mama zetu huingia katika bakuli kama lile zikatoka zikiwa pete zisizo na jina, kwa sababu vijana wa nyumba waliamini kwamba kitu chenye tundu kimekwisha kufa. Mimi niliamini hivyo nikiwa na miaka kumi na miwili. Riale tatu zilizonusurika katika njaa hazikunusurika kwangu. Wewe usomaye huna udhuru niliokuwa nao, maana umekwisha kuambiwa.